Herufi za Baba Pacha

Baba Pacha ni mchora vibao. Ukiona kibao cha kinyozi au cha duka la dawa mtaani kwao, ujue mkono wake umepita hapo. Karakana yake ni chumba cha mbele cha nyumba. Mna makopo ya rangi, rula ndefu, na harufu ambayo haitoki hata ukifungua madirisha yote. Mezani kuna kompyuta kuukuu, na mkewe, Mama Pacha, huifunika kwa kitambaa kama sahani ya chakula.

Watoto wao, wale pacha, wako shule ya bweni. Nyumbani wamebaki mume na mke, pamoja na Bibi, mama yake Baba Pacha. Bibi ameanza darasa la watu wazima, na sasa hakuna kinachomponyoka. Anasoma magunia, anasoma pakiti za sabuni, anasoma hata fulana za watu barabarani. Wenye fulana huona haya.

Mwaka huo kazi ilikuwa imepungua sana. Wateja walikwenda kwa wenye mashine kubwa za kuchapa. Kisha zahanati mpya ikamwita Baba Pacha aitengenezee vibao vyote vya ndani: mapokezi, maabara, chanjo, sindano, macho, vyoo. Alivichora kwa kompyuta, kimoja kimoja, kwa moyo wake wote. Jioni hiyo muuguzi mkuu angepita kuvitazama. Akivipenda, kazi inaanza. Asipovipenda, atatafuta mtu mwingine.

Asubuhi Baba Pacha aliketi kumalizia. Alisogeza uso karibu na kioo cha kompyuta, akausogeza tena.

"Baba Pacha," mkewe alimwita, "hiyo kompyuta unaisoma au unainusa?"

"Imezeeka. Herufi zake zimesinyaa."

"Herufi nazo zinasinyaa?"

"Ngoja nizikuze, utaona."

Akafungua mipangilio ya kioo. Akakuta namba nyingi, ndogo hadi kubwa. Aliwaza kama mchora vibao: mteja anayetaka herufi kubwa huagiza ubao mkubwa. Basi akachagua namba kubwa kuliko zote, akabofya.

Kioo kikawa cheusi tii. Kisha yakatokea maneno machache yanayoelea huku na huku, yakisema kwamba picha iko nje ya kiwango.

Baba Pacha alishtuka. Alibonyeza vitufe ovyo, vya juu, vya chini, vya pembeni. Akaizima kompyuta, akaiwasha. Nembo ya kampuni ilionekana kidogo, halafu giza likarudi.

"Imekufa," alisema. "Na vibao vya zahanati vimo humo."

"Huna nakala mahali pengine?"

"Humo humo tu."

Mama Pacha alikasirika, akakasirika kwelikweli. Lakini alipomwona mumewe ameshika bisibisi, tayari kuifungua kompyuta tumbo, hasira aliiweka kando.

"Lete hiyo bisibisi! Usiguse kitu. Namwita Mwalimu."

Mwalimu ni jirani yao wa ukuta mmoja. Ni mwanamke anayefundisha kompyuta katika chuo cha ufundi. Alikuja na povu la sabuni mikononi, maana alikuwa anafua.

"Hodi! Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mwanangu. Mtazame kaka yako, ameua kompyuta."

Mwalimu alikagua waya, akaangalia taa ndogo iliyokuwa ikiwaka mbele ya mashine.

"Haijafa," alisema. "Inatuma picha ambayo kioo hiki hakiwezi kuionyesha. Vioo vya zamani vina kikomo chao."

"Na michoro yangu?" Baba Pacha aliuliza haraka.

"Ipo salama ndani ya mashine. Kioo ni cha kutazamia tu, hakihifadhi kitu. Niambie, ulibadilisha nini?"

Baba Pacha alitazama makopo yake ya rangi.

"Sema, baba," mkewe alimhimiza. "Mwalimu haumi."

"Nilitaka herufi kubwa. Nikachagua namba kubwa."

Mwalimu hakumcheka. "Ukitaka kuhamisha mchoro kwenye ubao, unaanzaje, kaka?"

"Naugawa ubao kwa miraba."

"Ubao uleule ukiutia miraba mingi zaidi, kila mraba unakuwaje?"

"Unakuwa mdogo."

"Na herufi inayokaa ndani ya miraba miwili?"

"Nayo inakuwa nd..." Baba Pacha alijishika kichwa. "Kumbe!"

"Ndiyo. Zile namba zinahesabu nukta zinazounda picha. Kioo ni kilekile, nukta zikizidi, herufi zinapungua. Na zikipita uwezo wa kioo, hakionyeshi kitu. Sasa kaa wewe kwenye kiti. Nitasema, utafanya."

Baba Pacha alizima kompyuta, akaiwasha. "Sasa gonga kitufe cha F8, safu ya juu," Mwalimu alisema. "Gonga tena na tena, usisubiri nembo ipite."

Orodha ya maneno meupe ikatokea kwenye weusi. Alipoushusha mshale hadi kwenye chaguo la kuwasha kwa picha ya kiwango cha chini, akabonyeza kitufe cha kuingiza, kompyuta iliwaka. Herufi zilikuwa nene na mbaya, lakini zilionekana. Mama Pacha alipiga kigelegele kifupi.

"Bado, wifi," Mwalimu alisema akicheka. "Kaka, bofya kulia mahali patupu. Fungua mipangilio ya kioo. Chagua ile namba ambayo mashine yenyewe imeandika kuwa inafaa. Ukishabofya, ondoa mikono."

Kioo kilizimika kidogo, kikarudi kikiwa safi. Swali likatokea katikati.

"Inauliza kama unaona vizuri. Unaona? Basi kubali. Na siku ukibadilisha halafu usione kitu, usibonyeze chochote. Subiri kidogo tu. Isipopata jibu, inarudi ilikotoka yenyewe. Leo ulibonyeza ovyo, ukakubali swali ambalo hukuliona."

"Nilikuwa na hofu," Baba Pacha alisema.

"Najua. Sasa tukuze maandishi. Hiyo ni sehemu nyingine, inaitwa ukubwa wa maandishi. Hapo ndipo kubwa ni kubwa."

Herufi zikakua. Baba Pacha aliegemea kiti kwa mara ya kwanza siku hiyo. Akafungua michoro yake. Yote ilikuwapo.

Alinakili kazi yote kwenye flashi ya Mwalimu kabla ya kitu kingine chochote. Kisha akamgeukia mama yake kwa maringo. "Bibi, hebu soma hicho."

Bibi alikaza macho kwenye kibao cha maabara. Herufi zilikuwa na mikia, vivuli na rangi ya manjano juu ya nyeupe.

"Naona nyoka wanacheza," alisema.

Mama Pacha aliziba mdomo. Baba Pacha aliumia, kwa kuwa hizo ndizo herufi zake nzuri kuliko zote. Alitazama kibao, akamtazama mama yake, akakumbuka alivyokuwa akinusa kioo asubuhi. Watakaoingia zahanati watakuwa wagonjwa, wazee, na watu waliojifunza kusoma juzi.

Alikata mikia yote. Akaondoa vivuli. Akaandika kwa nyeusi, herufi nene, zilizoachana vizuri. Muuguzi mkuu alipofika jioni, alivitazama kimoja kimoja, kisha akauliza, "Unaweza kuanza kesho?"

Mwalimu alikuwa bado hapo. Alingoja mgeni aondoke. "Kaka, kompyuta tumeiweka sawa. Macho je?"

"Mchora vibao mwenye miwani? Wateja watanikimbia."

"Mimi ninayo, na sijakimbiwa," Bibi alidakia. "Kapime."

Baba Pacha alipimwa, akapewa miwani. Siku ya kwanza aliona vumbi lote la karakana, akamlaumu mkewe, na mkewe akamkabidhi ufagio.

Zahanati ilipofunguliwa, Bibi alikwenda kuangaliwa macho, na Baba Pacha alimsindikiza. Mlangoni alimshika mkono ili ampeleke chumbani.

"Niache," Bibi alisema.

Alisimama mbele ya vibao. Watu walimpita. Midomo yake ilicheza taratibu. "Ma-a-ba-ra. Siyo. Cha-njo. Siyo." Kidole chake kilishuka, kikasimama. "Ma-cho."

Baba Pacha alivua miwani yake mpya, akaifuta, ingawa haikuwa na vumbi.

Bibi alifuata mshale wa kibao hicho, akakata kona kushoto, peke yake, bila kumuuliza mtu njia.