Busu Lisilo na Ufunguo

Jua lilikuwa likizama nyuma ya maghorofa ya jiji la Meksiko Casilda aliponunua fungu la maua ya njano, yale ya kuwakaribisha wafu nyumbani, akaenda nayo kazini. Kazi yake ilikuwa kunong'ona. Akiwa kwenye kibanda chake cha studio, aliwasomea waigizaji wa tamthilia maneno yao na vitendo vyao: geuka, lia, mshike mkono. Wao, kidude sikioni, walifuata papo hapo. Wengine hawakukariri hata mstari mmoja, miaka nenda miaka rudi.

Mvivu kuliko wote alikuwa Evaristo Lozada, mwigizaji na mwanamazingaombwe, kipenzi cha akina mama nchi nzima. Mazingaombwe hayo alifundishwa na Amparo, mdogo wake Casilda. Amparo aliingia kwenye tangi la maji, Evaristo akambusu, kisha kifuniko kikapigwa kufuli. Katika busu lile ufunguo ulipita mdomo kwa mdomo, naye Amparo akajifungulia. Siri yote ilikuwa hiyo.

Mwaka jana Amparo alimwambia Evaristo kwamba anaondoka, akafanye maonyesho yake mwenyewe. Wiki hiyohiyo hakutoka tangini. Aligonga kioo, aligonga... na watu wakapiga makofi.

"Masikini, aliuangusha ufunguo," Evaristo aliwaambia waandishi, machozi yakimtiririka. Mwongo mkubwa! Maji yalimwagwa yote, ufunguo haukuonekana.

Na leo mshenzi huyo alikuwa anarudia, moja kwa moja hewani, na binti mwingine, Yaretzi.

"Mwanangu, usiingie humo," Casilda alimsihi.

"Nisipoingia sina kazi, mama."

Evaristo aliwasikia, akacheka. "Bi mkubwa, nenda kanong'one. Mdogo wako alikuwa mzembe. Huyu ni mjanja, ila naye siku hizi kaanza kunijibu."

Damu ilimchemka Casilda. Hata hivyo aliingia kibandani, akaweka maua mapajani, akaanza kusoma. Yaretzi alikwishaingia majini, kichwa tu kikiwa nje.

"Mkaribie," alinong'ona. "Mshike shavu..."

Tone.

Tone.

Maji yalikuwa yakidondoka kutoka kwenye maua mapajani. Harufu ya maua ikajaa kibandani, lakini ya maua yaliyooza majini. Casilda akazima maikrofoni, asiendelee kusoma.

Kule jukwaani Evaristo alisita, midomo karibu na ya binti. Alikuwa anasikiliza. Kisha mdomo wake ukatii, kama ulivyozoea.

"Nilimbusu Amparo," alisema. "Sikumpa ufunguo. Ulikuwa chini ya ulimi wangu, nikimtazama."

Watazamaji walidhani ni sehemu ya onyesho. Evaristo alijaribu kung'oa kidude sikioni. Mkono ukaishia njiani, ukashuka.

"Mtoe binti," alisema, akamtoa. Mwigizaji mkongwe, sasa anasoma hata vitendo kwa sauti, kama mgeni wa kazi! "Ingia wewe," alisema huku akilia, akaingia. "Funga."

Kifuniko kikashuka chenyewe.

Ka! Kufuli.

Watazamaji wakasimama, wakapiga makofi. Evaristo akagonga kioo. Wakazidisha. Ni walewale, Casilda aliwaza, makofi ni yaleyale. Neno moja tu kwa mafundi lingetosha wavunje kioo. Akatazama karatasi yake. Mstari uliofuata ulikuwa kitendo cha neno moja.

"Tabasamu," akanong'ona.

Na yule bwana, macho yamemtoka, maji yamemjaa kinywani... akatabasamu.

Mlango wa kibanda ukafunguliwa kwa kishindo. Alikuwa fundi wa sauti, amesawajika.

"Bi Casilda, maikrofoni yako imezimwa tangu pale aliposhika shavu la binti! Nani alikuwa anamsomea? Na ufunguo uko wapi? Sema, mama, anakufa yule!"

Casilda alitaka kujibu. Ulimi ukagusa kitu kidogo cha chuma, baridi, kimelala chini yake.

Nje makofi yalikuwa bado yanapigwa.

Akafumba mdomo.