Gauni la Pili la Kyungu

Kuna jambo moja ambalo Ngalula hakupata jibu lake, hata alipozeeka pale Kamina. Sanduku lilikuwa limefungwa kwa kufuli na ufunguo ulikuwa shingoni mwake. Vipi basi gauni la pili lilitoka humo limelowa hadi kiunoni, mfukoni mna mchanga wa ziwa?

Magauni yalikuwa mawili kwa sababu watoto walikuwa wawili, Kyungu na Kabange, mapasa, yaani mapacha. Katika ukoo wa Kabamba, mumewe, anachopewa pasa mmoja hupewa mwenzake pia, hata kama mwenzake ameshazikwa. Ukimnyima, walisema, atakuja kudai kwa nduguye. Kyungu alikufa kwa homa mwezi wa pili, akiwa na miaka minane. Mwezi wa saba Kabamba, fundi wa vichwa vya treni, alipewa konji yake, likizo ya mwaka, na karatasi ya kusafiri bure na familia hadi Kalemie, kule ziwani. Alikuwa amewaahidi watoto kupanda mashua ya tanga. Karatasini akaandika majina manne.

“Juu ya nini uliandika jina ya Kyungu?” Ngalula aliuliza.

“Ukikata ya mumoja, unakata ya bote.”

Hakumlaumu. Yeye mwenyewe alikuwa amenunua magauni mawili.

Siku ya tatu ya safari mkaguzi wa treni alitazama karatasi, kisha akatazama benchi lao.

“Bane. Muko sawa,” akasema, wanne kama majina ya karatasini, akapita.

Walikuwa watatu.

Kalemie iliwapokea kwa jua kali na harufu ya ndagala, dagaa wa ziwa hilo, waliokuwa wakianikwa. Kabange alipoona maji yasiyo na mwisho alicheka, mara ya kwanza tangu mazishi, wakaenda bandarini moja kwa moja, sanduku na vyote. Mwenye mashua, jamaa mnene aitwaye Bokungu, aliwapokea kwa utani.

“Bantu ya reli! Hapa hakuna makaa, Papa. Upepo ikikataa, unasukuma weye!”

Walikuwa wameshaiacha nchi kavu mbali aliposema, “Mama, ambia ule mutoto wa mbele aikale. Ataanguka.”

“Mutoto gani?”

Kabange alikuwa ameketi miguuni pa mama yake. Bokungu alitazama mbele tena. Utani ukamwisha.

Tanga likalegea. Upepo ulikatika. Kabange akainuka, akaenda mbele, akainama, akatia mkono majini.

Mkono haukurudi.

“Mama,” alinong’ona, “Kyungu anasema kule chini iko nafasi ya babili.”

Ngalula alimkamata kiunoni. Mtoto alikuwa mzito. Mzito kama wawili.

“Mutupe kitu mu maji,” Bokungu alinong’ona. “Kitu yenye anapenda. Atashiba.”

Kabamba alikuwa tayari ameshika sanduku. “Leta ufunguo. Tumupe gauni yake.”

“Hapana.”

“Mama Kabange…”

“Sitoi kitu. Nilishatoa mutoto. Inatosha!”

Akayainamia maji. Hakulia.

“Kyungu. Minyi njo nilikuzaa, minyi njo nilikuzika. Nakupenda. Lakini achilia mukono ya ndugu yako. Huyu anabaki na minyi.”

Maji yalitulia kama mafuta sufuriani.

Kisha mkono ukaachiliwa ghafla, mama na mwana wakaanguka chali. Tanga likajaa upepo.

“Turudi?” Bokungu aliuliza.

“Tulikuja kutembea na mashua,” Ngalula alisema. “Tembeza.”

Akawatembeza hadi jua lilipoinama.

Waliporudi Kamina, Ngalula alifungua sanduku mbele ya mumewe. Nguo zote zilikuwa kavu, isipokuwa gauni moja.

Kabamba aliketi chini. Hawakubishana. Waliamua siku hiyohiyo kwamba Kabange atakuwa na gauni moja, sahani moja na kitanda chake peke yake, ukoo useme utakavyosema. Na jina lingekatwa kabla karatasi haijarudishwa ofisini.

Kabamba alishika kalamu. Vidole vikakataa. Ngalula akanyoosha mkono aipokee, lakini Kabange aliwahi. Aliishika kwa mkono uleule, ambao kifundo chake kilikuwa bado na alama za vidole vinne vidogo, akachora mstari polepole juu ya jina la dada yake.

“Ubaki muzuri, Kyungu,” akasema, akampa baba yake kalamu.