Darubini ya Mwalimu Ezron
Mwaka ule wa tisini na mbili, maduka ya Tukuyu yalipoanza kujaa vitu tulivyokuwa tukivisikia tu, Mwalimu Ezron wa Kawetele alinunua filamu za kamera badala ya shati. Watu walimcheka weee! Mtu katoka Singida, mke kakataa kumfuata huku kwenye mvua, barua zimekatika, naye mshahara anaumalizia kupiga picha mwezi. Darubini aliachiwa na mzungu mmoja wa mashamba ya chai aliyerudi kwao. Kamera yake ya Kirusi aliifunga kwenye tundu la kuchungulia kwa mpira wa baiskeli.

Majirani wakaanza kuuepuka uwanja wake. Jotham, balozi wa nyumba kumi, alisema waziwazi kwamba bomba lile halina heri. Aliyebaki kumgongea mlango alikuwa mmoja tu, Bibi Tupokigwe, mjane wa ng'ambo ya migomba, aliyemletea chupa ya maziwa kila alfajiri. Walikunywa chai pamoja, vikombe viwili, na ukiacha darasani Ezron haongei tena na mtu mpaka kesho yake.

Siku moja alimwonyesha mlima Rungwe kwa darubini. Bibi akauliza mbona mlima umesimamia kilele. Ezron akacheka, akamweleza kwamba kioo kile hupindua kila kitu, cha juu huwa chini. Bibi akajifunga upya kitenge chake.

"Hata mtu?"

"Hata mtu, bibi."

Hakuchungulia tena.

Julai, mvua ilipokatika, Ezron aliamka saa kumi na moja alfajiri kuupiga picha mwezi mpevu ukizama. Aliufuata taratibu mpaka ukaingia nyuma ya migomba. Kwenye kioo migomba ilining'inia, mashina juu, majani chini, kama kawaida. Katikati yake alisimama Bibi Tupokigwe, wima, na kitenge chake cha tausi. Ezron akafurahi kweli kweli, maziwa yamewahi leo. Akamweka sawa kwenye kioo, akabonyeza kamera.

Kisha akakumbuka.

Migomba ilikuwa imepinduka. Bibi hakupinduka.

Hakuthubutu kuinua macho. Alichungulia tena. Bibi alikuwa pale pale. Kitenge hakikuporomoka.

Ezron alikimbilia ndani. Punde mlango ukagongwa. Bibi huyo, miguu chini kama watu wote, chupa mkononi.

"Ugonile, mwanangu?" alimsalimu kwa lugha ya kwao.

Filamu ilisafishwa Mbeya, ikachukua wiki mbili. Picha ilitoka safi mno. Aliigeuza huku na huku. Migomba ikisimama sawa, bibi anakuwa kichwa chini, viganja ardhini.

Jotham alikuwa anamtafuta mchawi tangu ng'ombe wake wafe. Akiiona picha ile, nyumba ya bibi ingechomwa moto naye akiwa ndani, Ezron alilijua hilo. Na bibi akishaondoka, mlango huu atagonga nani? Aliishika picha jioni nzima, machozi yakimtoka, mtu mzima. Mwisho akaitia kwenye jiko la mkaa pamoja na filamu yake, akafunga komeo, akalala.

Alfajiri mlango ukagongwa. Aliinuka gizani, akaenda kufungua. Walikunywa chai yao, wakaongea habari za mvua. Bibi aliposimama kuondoka, alimwinamia sikioni.

"Ndaga, asante, mwanangu. Ungeionyesha, ungebaki peke yako."

Ezron hakuwa amemwambia mtu.

Kulipopambazuka aliingia chumbani kuchukua viatu. Sakafuni, kando ya kitanda, kulikuwa na alama mbili za viganja vya udongo mbichi, vidole vimeelekea kwenye mto wa kulalia, pale alipolaza kichwa. Hakuna alama nyingine nyumba nzima. Na komeo alilifungua mwenyewe, kwa mkono wake, bibi alipobisha.

Alikaa kitandani muda mrefu. Halafu akachota maji, akazipangusa kabla Jotham hajapita. Akaosha vikombe vyote viwili, akavipanga mezani kwa ajili ya kesho.