Meli Yako Inaondoka Saa Ngapi?

Wageni wa Titina walianza kumsifia mtu ambaye hakuwepo.

Wa kwanza walikuwa mume na mke wa Kiholanzi waliokuwa wakisubiri meli ya Palermo, ngozi zao nyekundu kwa jua la Napoli. Asubuhi, wakiwa mezani na kahawa na mkate wa jamu, mke akauliza kama yule mzee wa chumba cha nyuma ameshaamka, maana walitaka kumuaga.

"Mzee gani?" Titina aliuliza.

"Aliyetugongea jana mchana tukiwa tumejilaza. Aliomba maji ya kunywa. Mtu mpole sana, na Kiholanzi chake ni cha kijijini kwetu kabisa."

Titina akajibaraguza, akasema ni jirani, ana mazoea ya kuingia bila hodi. Jirani wa kusema Kiholanzi, ghorofa ya tatu, nyuma ya bandari ya Napoli. Lakini angesema nini? Mwenye nyumba ya wageni hawezi kukiri kwamba ndani mwake kuna mtu asiyemjua.

Na chumba cha nyuma hakikuwa na kitanda. Kilikuwa na meza ya kupigia pasi, kabati la nguo za marehemu mumewe, na ndani ya kabati hilo, kwenye rafu ya kofia, kulikuwa na fuvu la mtu.

Usishtuke bado. Kwa wanawake wa mtaa wetu fuvu si jambo la kutisha. Chini ya kanisa dogo pale kona kuna pango la mifupa ya wasio na majina: waliokufa kwa tauni, mabaharia, wasafiri walioshikwa na homa kati ya meli moja na nyingine. Mwanamke huchagua fuvu lake, akalipangusa vumbi, akalipa mto mdogo wa kitambaa cha kufuma na mshumaa, akaliombea lipate ubaridi kule toharani, maana kilio cha roho zile ni kimoja tu, kiu. Nalo humpa anachoomba. Lisipompa, anachukua mto wake na kwenda kwa jingine. Ndivyo walivyofanya mama zetu, na mapadri walifumba macho.

Titina alikuwa ameomba wageni. Na wageni walikuja, jamani, hadi akawa anawakataa wengine mlangoni. Kisha dari la pango likapasuka, kanisa likafunga mlango kwa kufuli. Wanawake wengine walisonya wakarudi majumbani mwao. Titina akamwonea huruma roho wa fuvu lake, kwamba atabaki gizani bila hata tone la sala. Akambembeleza mtunza kanisa, akamtoa pangoni yule bwana wa fuvu, amelazwa kwenye kikapu cha sokoni, amefunikwa kwa mboga. Hakuna aliyewahi kuleta fuvu nyumbani. Kule chini wafu hushikana wenyewe kwa wenyewe, hakuna anayetoka. Nyumbani, amekuwa mgeni, na mgeni ana mahitaji yake.

Baada ya Waholanzi alikuja kijana wa Kinorwe mwenye baiskeli. Alifika saa mbaya, ile saa ya baada ya chakula tunayoiita controra, jua linapopiga hadi paka wanajificha, kila dirisha la mbao limefungwa, na mtoto akichungulia nje mama yake anamvuta kwa sikio. Watu wa Napoli hatufungui mlango controra. Anayebisha saa ile si mtu wa kukaribishwa. Lakini meli hushusha wasafiri zinapopenda, na Titina alikuwa ameshazoea kufungua.

Jioni yule kijana alitoka chumbani midomo imempasuka na kutoka damu. Alikuwa amemaliza chupa zake zote, na maji ya chombo cha maua pia.

"Kuna mtu alikuwa ameketi kitandani kwangu," alisema taratibu. "Aliniuliza meli yangu inaondoka saa ngapi."

"Ukamjibu?"

"Nilimwambia nimebadili mawazo, nitakaa Napoli wiki nzima. Basi akanyanyuka akaenda zake. Hakukasirika. Kama mtu aliyepanga foleni isiyo yake."

Titina alicheka kicheko cha kulazimisha. Usiku ule alimwekea bwana wa kabatini mshumaa wa pili. Hiyo ndiyo dawa aliyoijua.

Hapo ndipo Mena alipokuja.

Mena alikuwa binti yake wa pekee, mimba ya miezi saba, mguu mmoja njiani kwenda Palermo ambako mumewe Sabatino alikuwa amepata kazi ya kuchomelea vyuma vya meli. Alipitia kwa mama yake akae kidogo kabla ya safari. Titina alifurahi kupita kiasi, akampikia biringanya za tanuri, akamtandikia chumba chenye upepo. Mume alishamzika, na watoto wawili kabla hawajajifunza kutembea. Mena ndiye aliyembakia, na yule aliye tumboni mwa Mena. Akilini hakuwa na kingine.

Siku moja kabla ya safari, saa ya controra, Titina alikuwa akisuuza sahani. Mtaa umezima. Akasikia harufu ya utambi ulioungua, na chini yake harufu ya jiwe lililolowana, na akajiambia ni bomba, bomba la nyumba hii limeoza tangu zamani. Kisha akamsikia Mena akizungumza chumbani, sauti ya usingizi, anacheka kidogo kidogo, ananyamaza kama anayesikiliza, anajibu tena, na Titina akasimama na sahani mkononi huku maji yakimtiririka kwenye viwiko, akitaka kuamini kwamba ni simu, ni Sabatino, ingawa simu ya Mena ilikuwa pale pale jikoni juu ya meza mbele ya macho yake, na sauti ya pili, ile iliyokuwa ikimjibu mwanawe kupitia ukutani, ilikuwa sauti ya mume wake aliyemzika.

Alipousukuma mlango, Mena alikuwa peke yake. Amelala chali, macho wazi, midomo myeupe kwa ukavu. Jagi la maji tupu. Na kando ya kiuno chake godoro lilikuwa limebonyea, kama mtu ameketi pale, na Titina akalitazama likijaa polepole, likawa bapa.

"Mama," Mena alinong'ona, "Baba alikuwa hapa."

"Baba yako amekufa, mwanangu."

"Najua. Ameniuliza meli yangu inaondoka saa ngapi. Nimemwambia kesho jioni. Akaomba twende wote."

"Ukamwambia nini?" Titina alimshika mabega. "Mena, ulimwambia nini?"

"Nilimwambia njoo, Baba. Ningemkatalia baba yangu?" Akaweka kiganja tumboni, akakunja uso. "Mama, mtoto hachezi. Ila nasikia mtu anameza. Humu ndani. Anameza, anameza, haachi."

Titina akaweka sikio. Nikwambie alichosikia? Alisikia hivyo hivyo.

Asubuhi alishuka kumwita Bi Nannina wa ghorofa ya chini, mwenye kuondoa kijicho kwa mafuta na maji, elimu aliyopewa na mama yake mkesha wa Krismasi kama ilivyo desturi. Ni mwanamke mnene, mwenye maneno makali, na alipanda ngazi akilalamika magoti. Mena alikuwa amelala, hakuwa na nguvu ya kuketi. Bi Nannina akaweka sahani ya maji juu ya tumbo lake, akachovya kidole kwenye mafuta ya zeituni, akadondosha tone, akaanza sala yake ya chini chini. Kawaida hupiga miayo na machozi humtoka, ndivyo kijicho kinavyompitia. Safari hii hakupiga mwayo hata mmoja. Maji yalikuwa yakipungua. Yalishuka kwenye sahani polepole, kwa vipumziko, kama anavyokunywa mtu mstaarabu, mpaka mafuta yakabaki yamelala juu ya udongo mkavu wa sahani.

Akajaza tena. Yakaisha tena.

Bi Nannina alimvuta Titina mpaka jikoni, akafunga mlango. "Umeleta nini ndani ya nyumba hii?"

Titina akamwambia.

"Nyumbani? Ulimleta nyumbani, kwenye kikapu?" Alikuwa akinong'ona, lakini kwa hasira. "Titina, wewe umezaliwa mtaa huu au umeokotwa?"

"Nilimwonea huruma."

"Huruma. Mtu amekufa akisubiri meli, miaka mia na ushee, wewe unamweka kwenye nyumba ambayo kila siku watu wanafunga mizigo mbele ya macho yake. Mto wako na mishumaa yako ataifanyia nini? Anataka kuondoka."

"Nimrudishe pangoni."

"Pamefungwa. Na hata pangekuwa wazi, ameshaonja maji ya watu. Harudi."

"Basi Mena asisafiri."

"Ameshamkubalia. Atakaa naye akimnywa mpaka siku atakaposafiri, na kama hatasafiri upesi atamaliza maji yote aliyo nayo, na unajua mtoto anaogelea kwenye nini." Bi Nannina akajifuta shingo. Alikuwa anaogopa, na kwake yeye hilo lilikuwa jambo geni. "Atamtoka akimpata mwingine tu. Mtu anayeondoka mapema kuliko Mena, na amkubalie kwa mdomo wake."

"Na huyo mwingine atafika aendako?"

"Sijui, mama. Hakuna aliyerudi akanieleza."

Titina hakufikiri sana. Huko chumba cha mbele kulikuwa na mgeni, mama wa Kireno mwenye tiketi ya meli ya mchana, na nisiseme uongo, wazo lilimpitia. Alilifukuza. Controra ilipofika alikwenda chumba cha nyuma, akafungua kabati, akaketi sakafuni mbele ya lile fuvu.

"Mwache mwanangu," alisema. "Nichukue mimi."

Harufu ya utambi ule, ya jiwe lile bichi. Kisha sauti ya mumewe, karibu na sikio kiasi kwamba nywele za kisogo zikamsimama, sauti ya upole ile ile aliyokuwa akimtania nayo kila Jumapili alipokataa kwenda matembezini:

"Wewe, Titina? Wewe huendi popote."

Na ilikuwa kweli. Miaka yote aliwafungulia watu wa dunia nzima, akawapa shuka safi na kahawa, akawaelekeza gati la meli zao, na yeye mwenyewe hajawahi kupanda hata ya Capri, kisiwa anachokiona kila siku akianika nguo. Alikaa pale sakafuni, na maneno yale yalimuuma kuliko hofu. Halafu akainuka, akavaa viatu vya kanisani, akachukua mkoba, akatoka kwenye jua la controra peke yake, barabara yote imefungwa macho, mpaka ofisi ya tiketi bandarini. Alirudi jasho likimchuruzika. Akaiweka tiketi juu ya rafu, mbele ya yale matundu mawili ya macho.

"Palermo," alisema. "Leo hii, meli ya kwanza, kabla ya ile ya Mena. Karibu twende wote."

Koo likamkauka papo hapo. Ulimi ulishikana na kaakaa, na ikambidi ajishike mlango wa kabati asianguke. Huko chumba cha pili Mena aliita, "Mama! Anapiga teke! Mama, njoo umsikie!"

Hakwenda. Aliogopa kumkaribia. Alilifunga fuvu kwenye foronya, akalitia mkobani.

Bi Nannina ndiye aliyempeleka Mena gatini kumuaga mama yake, rangi imeshamrudia usoni, haelewi hili wala lile. "Mama, wewe hata mashua hujapanda. Si ungengoja twende pamoja kwenye meli yangu?"

"Nataka niione nyumba yenu kwanza, nimkemee Sabatino kama hajapaka rangi. Wewe subiri nyumbani, nitakupigia." Alisimama mbali, akijifanya anatafuta miwani, ili asikumbatiwe. "Kunywa maji mengi, mwanangu."

Kamba zilipofunguliwa, Titina alikuwa kwenye ukingo wa meli na chupa mbili tupu miguuni, akimeza ya tatu, na haikumsaidia kitu. Meli ikajitenga na gati. Chini pale Mena alimpungia kwa nguvu, analia, anacheka. Kisha mkono wake ukapungua kasi. Macho yakahama kutoka kwa mama yake, kando kidogo tu, na uso wote ukamng'aa, na akaanza kupunga upya, kama alivyokuwa akifanya utotoni, baba yake akirudi kutoka kazini.

Titina hakugeuka kutazama aliyesimama kando yake. Alimsogezea chupa, akamuuliza kwa sauti ya chini, kama alivyowauliza wageni wote, iwapo ana kiu.