Mashine ya Kubembeza

Wifi yangu alinikataza nisiyasimulie haya, lakini mimi sina kifua. Na wala si mambo ya kuambiwa. Yametokea nyumbani kwetu, chumba cha mbele, mchana kweupe.

Kaka yangu ni fundi wa kutengeneza cherehani. Mtaani wanamwita Bobini, kama kile kigurudumu cha uzi cha cherehani, kwa sababu ni mfupi na hatulii mahali. Hununua cherehani mbovu kwa jumla, anachomoa spea hapa, anapachika pale, maisha yanasonga. Siku hiyo alirudi na gunia la vyuma chakavu. Humo ndani, katikati ya vichwa vya cherehani, kulikuwa na kitu ambacho hatujawahi kukiona: kisanduku cheusi cha chuma, ubavuni kina ufunguo wa kujazia kama wa saa ya mezani, na mbele kimetoa mkono mwembamba wenye ndoana.

"Hiyo ni saa," nikasema.

"Saa isiyo na uso? Itakuwa ya kwako wewe, maana hujawahi kuwahi popote," akanijibu.

Wifi alikuwa anamnyonyesha mtoto pale mlangoni. Yeye akasema ni mtego wa panya. Tukacheka sana.

Sasa kaka yangu ana ugonjwa wa mafundi wote: akiona chuma kimekwama, hakiulizi kwao wapi. Kwanza mafuta. Akakipaka, akakisugua, akazungusha ufunguo mpaka ukagoma. Mkono ukatoka. Ukarudi. Ukatoka tena, taratibu, tik, tik.

"Nimeijua!" akapiga kelele. "Inabembeza! Ndoana unaitia kwenye kitanda cha mtoto, basi, umepumzika."

Wifi nusura alie kwa furaha. Mtoto wao wa kwanza huyo alikuwa wa kulia asubuhi mpaka jioni, na yeye tangu ajifungue hajui usingizi una ladha gani. Kitanda kilikuwepo, cha mbao, cha kuning'inia. Lakini Bobini hakabidhi mashine bila kuijaribu na mzigo. Cherehani huijaribu kwa kitambaa kizito kilichokunjwa. Hii angeijaribu na nini? Mwanawe hawezi kumfanya kipimo. Akachukua matambara yake ya kufutia mafuta, akayaviringisha na kuyafunga kamba mpaka yakawa ukubwa wa mtoto. Kwa mzaha akayavika na kofia ya mtoto. Akayalaza kitandani, akatia ndoana, na mashine ikayabembeza mchana kutwa, huku yeye akiendelea na kazi zake.

Jioni akalitupa lile furushi chini ya meza ya kazi, na mtoto akalazwa. Akalala papo hapo. Nyumba ikapoa.

Ikapoa mno. Mtoto akaacha kulia kabisa, hata kwa njaa. Ukimtoa kitandani anakutazama tu. Halafu akaanza kupungua. Mashavu yakaisha, miguu ikawa kama ya kuku. Kliniki nesi alimpima, akatikisa mizani, akampima tena, kisha akamuuliza wifi kama kweli ananyonyesha. Wifi akarudi nyumbani analia njia nzima.

"Nanyonyesha, wifi," akaniambia. "Nikijinyoosha kidogo tu naamka matiti matupu, yamekauka. Mtoto namwona anakwisha. Maziwa yanakwenda wapi?"

Niliogopa tutamzika yule mtoto, nasema ukweli.

Adhuhuri moja nikamuuliza Bobini anaijaza saa ngapi ile mashine, maana haijawahi kusimama.

"Si anaijaza mke wangu?"

"Mimi?" wifi akasema. "Mimi hata kuigusa sijaigusa."

Tukaitazama. Tik. Tik.

Saa hiyohiyo akaingia mkunga mmoja mstaafu wa mtaani kwetu, amefuata cherehani yake. Shikamoo zetu hakuziitikia. Alikuwa anautazama ule mkono.

"Niliwahi kuiona moja," akasema kwa sauti ya chini. "Nilipoanza kazi. Aliyebembezwa wa kwanza ni nani?"

Bobini akacheka kicheko kikavu. "Matambara, mama. Nilikuwa najaribu."

"Matambara matupu?"

"Niliyavika kofia."

Mama yule akashika fremu ya mlango. "Basi mwenye kitanda ni huyo," akanong'ona. "Huyu wenu ni mgeni tu. Yako wapi?"

Bobini akainama chini ya meza. Akavuta. Furushi halikuja. Akavuta kwa mikono miwili. Lilikuwa zito. Kamba zimekaza. Ile kofia, iliyokuwa ikipwaya, ilikuwa imechanika mishono. Akaliachia ghafla, akaangalia viganja vyake. Vilikuwa vimelowa. Sikusikia harufu ya mafuta ya mashine. Nilisikia harufu ya maziwa.

Tulilichoma uani. Nisiulizwe lilivyoungua. Bobini akaifungua ile mashine skrubu moja baada ya nyingine, akavunja springi, akaenda kutupa kila kipande mahali tofauti. Springi ilipokatika tu, mtoto akalia. Jamani, alilia! Wifi akaangua kilio, mimi nikaangua kilio, na Bobini akakaa chini sakafuni. Mtoto akanyonya mpaka akapaliwa.

Sasa amenona, mashavu hayo ungetamani kuyafinya. Kliniki wanamsifu. Kitanda tulikipasua kuni, analala na mama yake. Nikadhani yamekwisha.

Juzi asubuhi wifi akaniita chumbani, akafunga mlango kwa komeo. Akafungua gauni.

"Tazama hapa."

Kwenye titi la kushoto palikuwa na alama nyekundu, ndogondogo, mstari juu na mstari chini.

"Kakung'ata?" nikauliza. "Mbane pua kidogo, ataacha."

Wifi alimchukua mtoto kitandani kwake, akampakata, akampanua mdomo kwa kidole ili nione. Ufizi mtupu, juu na chini. Hajaota hata jino moja.