Liki za Septimus na Mashine ya Kufulia

Septimus Charlton hakuwa na pumzi ya kupanda kilima bila kusimama. Alikuwa amechimba makaa ya mawe kwa miaka thelathini na moja, na vumbi lilikuwa limejaa kifuani. Hakuwa na bomba la maji ya moto. Hakuwa na mtoto aliye hai. Hakuwa na kikombe hata kimoja cha ushindi, ilhali majirani zake wote walikuwa navyo rafuni. Na mkewe, Hilda, hakuwa na mashine ya kufulia. Alifua kwa mikono hadi vidole vikapasuka, akawa hawezi kufunga vifungo vya koti lake.

Alichokuwa nacho Septimus ni kitalu cha liki. Liki ni ndugu wa kitunguu, mwenye shina nene jeupe. Katika vijiji vyetu vya migodi, mashindano ya liki, ya kuona nani kaotesha nene kuliko wote, si mchezo. Mwaka ule zawadi ya kwanza ilikuwa mashine ya kufulia. Iliwekwa dirishani mwa klabu ya wachimbaji, na Hilda kila akipita pale alipunguza mwendo.

Wiki tatu kabla ya mashindano, majani yakaanza kuwa manjano.

"Ni kiu tu," alisema Septimus. Akazidisha maji. Zilizooza alizifukia kwenye lundo la mboji, watu wasizione.

Wilf Nattrass, mwenye kitalu cha jirani, alichungulia juu ya uzio. "Vipi Sep, liki zako nazo zimeshikwa na kifua?"

"Tazama zako, nyembamba kama miguu ya shemeji yako."

Wilf alicheka. Septimus alirudi nyumbani.

Jumamosi Hilda alimwita Bi Nora Elliott, mtaalamu wa kilimo aliyefundisha darasa la jioni. Bi Nora aling'oa liki moja. Mizizi ilikuwa na ukungu mweupe kama pamba, na ndani yake chembe nyeusi kama baruti.

"Bwana Charlton, huu ni uozo mweupe. Hizi chembe hukaa udongoni miaka kumi na tano, hata ishirini."

"Dawa yake?"

"Hakuna."

"Mbili bado nzima. Wanashindanisha mbili tu."

"Udongo ulioshika mizizi yake si mzima. Na ukishinda je?"

Septimus alijua. Kwetu mshindi huombwa miche, naye hakatai. Wangekuja wote, na kila mmoja angebeba ugonjwa mpaka kitaluni kwake.

"Ng'oa zote," alisema Bi Nora. "Zichome, na ulizofukia pia. Usizitie kwenye mboji. Osha koleo na viatu kabla ya kutoka hapa. Panda viazi, kabichi, maharage. Liki na vitunguu usipande tena hapa."

"Mpaka lini?"

Bi Nora alisikiliza jinsi mzee alivyokuwa akihema.

Jioni ile moshi ulipanda katika manyunyu. Wilf akaja mbio.

"Unachoma nini, Sep?"

"Mashine ya kufulia."

Septimus akamweleza yote, na jinsi ya kuutambua ugonjwa. Wakaenda pamoja kukagua kitalu cha Wilf. Liki moja tu, ya pembeni, ilikuwa imeanza kuwa manjano. Waliing'oa pamoja na udongo wake, wakaitia motoni. Nyingine zilikuwa safi. Wilf akaleta ndoo, akaosha viatu vyake, kisha akainama akaosha vya Septimus.

Nyumbani, Hilda aliweka karatasi mezani.

"Mikono yako, Hilda," alisema Septimus.

"Mikono yangu niachie mwenyewe. Andika."

Aliandika polepole: "Kwa Katibu wa Mashindano. Liki zangu zina uozo mweupe. Najitoa. Kila mtu akague kitalu chake na aoshe viatu. Mtu asichukue mche wala udongo kwangu. S. Charlton."

Alijaribu kulamba gundi ya bahasha, lakini kikohozi kilimshika. Hilda akaichukua, akailamba yeye, akaibana kwa vidole vyake vilivyopasuka. Kisha akavaa koti. Septimus akamfunga vifungo, kimoja kimoja, na Hilda akatoka kwenye mvua kwenda kuitumbukiza barua sandukuni.