Bango Lililocheka

Majirani waliosikia kilio walifika kwa Phares Oduor, mtaa wa Maringo, na sukari na majani ya chai, kwa sababu mwanamume hulia vile akifiwa tu. Walipoambiwa kilichopotea ni bango la sinema, wawili walirudi na sukari yao.

Inspekta Mativo aliitwa kutoka Soko la Burma kabla mbavu za mbuzi alizoagiza hazijaiva. Alifika amenuna.

"Maiti iko wapi?"

"Hakuna maiti, afande. Nimeibiwa bango."

"Umelia hivyo kwa sababu ya bango?"

Phares, karani mstaafu wa reli, alimfungulia chumba cha ndani. Kuta zote zilijaa mabango ya zamani: majambazi, farasi, wapenzi wanaoangaliana kama wana njaa. Aliyakusanya tangu ujana, kila mara kumbi za sinema zilipoyatupa. Maringo nzima ilimwita Mzee Makaratasi. Jumamosi angeyaonyesha kwenye ukumbi wa mtaa, na wenye midomo wangenyamaza. Lile lililoibwa ndilo lingetundikwa mlangoni.

"Mwizi hakutaka haya mengine?"

"Alitaka hilo moja. Limechorwa kwa mkono, kwenye kitambaa cha marekani, ile pamba nzito. Duniani hakuna la pili. Nyota wake ni mzungu, lakini meno ya mbele yamechongwa kama ya Mkamba."

Mativo, Mkamba wa Kitui, aliketi.

"Mzungu alichongwa meno na nani?"

"Na mchoraji, marehemu Johnson. Alipewa picha ya huyo nyota amefumba mdomo. Meneja akataka acheke. Sasa Johnson angejua wapi mzungu huyo anavyocheka? Akakalisha msichana wa mtaani, akamchekesha, akachora alichokiona."

"Msichana gani?"

"Johnson alikufa na jina lake."

Kufuli lilikuwa zima. Dirisha lina vyuma. Konstebo alipaka unga wa alama za vidole, akapata za Phares kila mahali.

"Nani aliingia nyumba hii jana?"

Roseline, mke wa Phares, ndiye aliyejibu. "Wanawake wa maombi tu. Mimi, Aoko, na mwenyekiti wetu Mama Nzilani. Tuliomba hapa sebuleni."

"Kuna aliyetoka na mzigo?"

"Hakuna. Mama Nzilani alibeba mkeka wake wa kupigia magoti."

"Ulikuwa umeviringishwa?"

"Kwani nyinyi polisi hubeba mkeka ukiwa umetandazwa?"

"Na mlifumba macho muda gani?"

"Aoko akiomba? Mpaka chai ipoe."

Mativo akawaita wageni wote wawili. Aoko alitoa maelezo kwa mdomo wazi, meno ya juu yote kamili. Mama Nzilani alijibu akiwa ameziba mdomo kwa leso.

"Mama, ondoa leso."

"Nina jino linaniuma, mwanangu."

Hakuna sheria inayomruhusu inspekta kumpanua mdomo mwenyekiti wa akina mama. Ilibidi amchekeshe. Akasimulia kisa cha mwizi na punda. Aoko akampa pole. Akasimulia cha pili. Konstebo peke yake alicheka, naye ni kwa sababu ya cheo.

Inspekta akakata tamaa, akajiketisha kwenye kigoda chenye mguu uliolegea. Alienda chini miguu juu, na suruali yake ikapasuka kwa sauti ya mtu anayechana shuka.

Mama Nzilani akasahau leso. Alicheka kichwa kikiwa nyuma, mkono kifuani, na meno ya mbele yaliyochongwa yakatoka yote nje.

Phares akasimama. "Ni yeye. Hata shingo ni ile ile."

Mativo alibaki sakafuni kwa heshima ya suruali. "Mwaitu," akasema, akimwita mama kwa Kikamba, "bango liko wapi?"

"Chini ya godoro. Upande wangu."

Roseline akashika shavu. "Uliona aibu, mwenyekiti? Kwa yale mabega wazi?"

"Aibu ya nini? Mabega yalikuwa mazuri." Mama Nzilani alijipangusa macho. "Sina picha yangu hata moja ya usichana. Jana Aoko akiomba nilifungua jicho moja. Mlango wa chumba ulikuwa wazi. Nikajiona ukutani, nina miaka ishirini, nacheka. Ningejiacha pale?"

"Si ungemwomba Phares?" Mativo akauliza.

"Nani angeniamini? Namwambia Kitonga, mume wangu, kwamba niliwahi kuchorwa nikawekwa mbele ya sinema. Ananijibu nilizaliwa mzee, na leso kichwani."

"Mzee Phares, unafungua mashtaka?"

Phares alifikiria Jumamosi. Alifikiria na shingo ile.

"Sitaki kesi. Nataka bango langu mlangoni Jumamosi. Jioni alichukue, akae nalo."

"Na jina la yule mzungu pale chini?" akauliza Mama Nzilani.

"Tutalifunika. Nitaandika lako."

Jumamosi watu walijaa hadi barabarani, na hakuna aliyesema makaratasi. Kitonga alifika mwisho, akasimama mbele ya bango akaziba njia. Alilitazama. Akasoma jina polepole. Akavua kofia.

"Afande," alimnong'oneza Mativo, "huyu mwanamke ameolewa?"

"Ameolewa," Mama Nzilani akajibu nyuma yake. "Lakini ajaribu bahati yake."